Udongo wa Kilwa uliosahihisha hesabu za joto la dunia

Asafiriye kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi anapajua Nangurukuru, njia panda ya Kilwa Masoko. Wanajiolojia wa nchi za mbali nao wanalijua jina hilo, pamoja na Kivinje, Masoko na Pande, maana ndiyo majina ya matabaka manne ya miamba, mengi yake ya udongo wa mfinyanzi, yaliyolala chini ya pwani hiyo. Udongo huo umejaa magamba ya foraminifera, viumbe wadogo wa baharini waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita.

Foraminifera ana seli moja tu, na wengi hawafikii hata milimita moja. Wale wanaoelea karibu na uso wa bahari hujijengea gamba la chokaa kwa madini wanayoyachota majini. Wakifa, gamba huzama na kufukiwa na tope. Oksijeni iliyomo katika chokaa hiyo ndiyo hutunza kumbukumbu. Ipo nyepesi, ya uzani wa 16, na nzito, ya uzani wa 18, na kadiri maji yanavyokuwa baridi ndivyo gamba linavyochukua zaidi ile nzito. Mwanakemia Harold Urey alieleza mwaka 1947 kwamba uwiano huo unaweza kupima joto la kale. Mwaka 1955 Cesare Emiliani akautumia kwa foraminifera kufuatilia enzi za barafu.

Lakini hesabu hiyo ina mtego. Oksijeni nyepesi hupanda na mvuke kwa urahisi zaidi, na barafu ikirundikana nchi kavu huifungia huko, bahari ikabaki na nzito. Hivyo gamba zito laweza kuwa na maana ya baridi, au barafu, au vyote viwili. Ndiyo maana watafiti hupima pia magnesi, ambayo huongezeka ndani ya gamba maji yanapopata joto.

Mtego wa pili ulipotosha watu kwa miaka mingi, na hapo ndipo Kilwa ilipoingia. Magamba yaliyotolewa kwenye sakafu ya bahari kuu yalionyesha kwamba katika kipindi cha Eosini, zaidi ya miaka milioni 34 iliyopita, maeneo ya karibu na ncha za dunia yalikuwa na joto, ilhali bahari za tropiki zilikuwa baridi kuliko leo. Jambo hilo halikuingia akilini. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya magamba yaliyohifadhika vizuri, yakiwemo ya Tanzania: bahari za tropiki zilikuwa na nyuzijoto 28 hadi 32, au zaidi. Magamba ya bahari kuu yalikuwa yamejiunda upya ndani ya tope la baridi, kwa hiyo joto lililosomwa lilikuwa kwa sehemu la chini kabisa baharini. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa haupitishi maji. Magamba yake bado yanapitisha mwanga kama kioo.

Kazi ya kuchoronga udongo huo ilifanywa kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, ambako mtaalamu wa visukuku Joyce Singano alikuwa miongoni mwa watafiti. Ni kazi ya subira kubwa. Sampuli hulowekwa, huoshwa juu ya chekecheke lenye matundu madogo kuliko unene wa unywele, kisha hukaushwa. Mtu huketi mbele ya hadubini na kuokota gamba mojamoja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Foraminifera aitwaye Hantkenina hutambulika upesi kwa miiba yake mirefu. Katika sampuli za Pande anapatikana, halafu hapatikani tena: kutoweka kwake ndiyo alama rasmi ya mwisho wa Eosini, takribani miaka milioni 34 iliyopita.

Ni wakati huohuo barafu kubwa ilipoanza kuifunika Antaktika. Magnesi ya magamba ya Tanzania ilionyesha kwamba uso wa bahari hapa ulipoa kwa takribani nyuzi 2.5. Mwaka 2009 Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walipima boroni, ambayo hufuata uchachu wa maji ya bahari na hivyo kiasi cha hewa ukaa angani. Barafu ilitanda wakati hewa ukaa iliposhuka hadi karibu sehemu 760 katika kila milioni. Kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa 280. Sasa imepita 420 na inazidi kupanda.

Jambo la kuzingatia zaidi limo katika sampuli za juu kidogo, yaani za baadaye. Hewa ukaa ilipanda tena baada ya Antaktika kufunikwa, lakini sehemu kubwa ya barafu haikuyeyuka. Barafu pana huakisi mwanga wa jua, na kilele chake hufika kwenye hewa baridi zaidi, kwa hiyo kuiondoa huhitaji joto kubwa kuliko lile ambalo lingeizuia isianze.