Kipapasio na Papasi

Mnunuzi katika soko la Kariakoo hulitomasa embe ili ajue kama limeiva, huku macho yake yakiliona. Lakini mtu wa Magomeni akizimikiwa na taa usiku, hunyosha mkono na kugusagusa ukuta mpaka aupate mlango wa chumba chake. Tendo hili la pili ndilo kupapasa: kutafuta kwa kugusa pale ambapo macho hayafai kitu. Kwa kitenzi hicho tunayo majina mawili ya elimu ya viumbe, nayo yafaa kupambanuliwa.

La kwanza ni kipapasio. Umbo lake ni la majina ya vifaa, kama kipimio na kichujio, na maana yake ni kila kimoja cha vile viungo viwili vyembamba vilivyoota kichwani mwa mdudu. Sisimizi wakikutana njiani hugusana kwa vipapasio na kutambuana kwa harufu. Mbu dume husikia kwa vipapasio vyake mlio wa mabawa ya jike. Kazi ya kiungo ni pana kuliko jina, lakini jina halisemi uongo.

Wazungu walifuata njia nyingine. Neno lao, antena, asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni foromali, yaani mti ubebao tanga la chombo. Lilipewa wadudu katika karne ya 15, Theodorus Gaza alipofasiri maandiko ya Aristotle. Kwa Kiyunani neno moja lilikuwa na maana ya pembe na ya foromali pia. Wao walitazama sura. Kiswahili kimetazama kazi.

La pili ni papasi. Kiishio chake ni cha mtendaji, kama katika mpishi na mlinzi: ndiye apapasaye. Huko Unguja jina hili limehamia hata kwa watu, akaitwa papasi kijana awagandaye watalii njiani. Papasi mwenyewe ni jamaa ya kupe, lakini hakai mwilini siku nyingi kama kupe wa ng'ombe. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, akamnyonya aliyelala, kisha akarudi mafichoni. Huambukiza homa ya papasi, ambayo huondoka na kurudi. Mwaka 1905 Robert Koch, akiwa katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, aliona kuwa vijidudu vya homa hiyo huingia hata katika mayai ya papasi. Basi papasi mchanga asiyepata kumnyonya mgonjwa aweza kuambukiza.

Hapa ndipo penye fumbo: papasi hana vipapasio. Ana miguu minane, wala si sita kama mdudu. Na huyu aletaye homa hana hata macho. Huinua miguu miwili ya mbele, yenye viungo vya kunusia karibu na ncha, akapapasa nayo kama mtu gizani.

Mwanafunzi akidhani kwamba kila apapasaye ana kipapasio, atamweka papasi fungu moja na mende. Hilo ni kosa la daftari. Mwenye nyumba akimdhani ni kupe tu, atamtafuta mwilini mwa mtoto asimwone, naye yumo ukutani, angoja taa izimwe.