Aliyecheka Kwenye Injini

Juzi jioni, kwenye daladala ya Mbagala, dada mmoja aliyekaa juu ya injini, uso ukitutazama abiria, aliangua kicheko. Mkono wangu ukakimbilia zipu. Salama. Nikajifuta mdomo, nikapapasa vifungo vya shati. Bado anacheka tu. Tulipofika Mtongani ndipo nilipouona waya mweupe ukichungulia chini ya mtandio: alikuwa akisikiliza ujumbe wa sauti.

Mtaani tunaita kujishtukia. Mimi riziki yangu ni saikolojia, na bado nilijishtukia.

Kicheko ni cha watu wawili. Mwanasayansi wa Marekani, Robert Provine, aliwataka wanafunzi waandike kila walipocheka, ikaonekana kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake bila redio wala televisheni. Alipokwenda kusikiliza watu mitaani na madukani, akakuta vicheko vingi havikufuata mzaha wowote, bali maneno ya kawaida mfano wa "haya, tutaonana." Ndiyo maana akili ikimwona mtu anacheka peke yake inamtafuta wa pili. Zamani wa pili alikuwa kando yake. Siku hizi amejificha sikioni. Asipoonekana, unajiteua wewe, maana katika gari zima aibu unazozijua vizuri ni zako.

Na aibu hizo tunazipa mwanga mno. Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake waliwavisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, vazi la kumtia kijana haya, wakawaingiza chumbani mwa wenzao. Wavaaji walikisia karibu nusu ya waliomo wangemtambua mwimbaji huyo. Waliomtambua ni kama robo tu. Utafiti ulichapishwa mwaka 2000 na huwa naufundisha, jambo lililonizidishia fedheha.

Wapo wasioishia kwenye zipu. Wanahama siti, wanabadili njia ya kurudi nyumbani, wengine wanaanzisha ugomvi. Hofu hiyo ya kuchekwa wataalamu huiita jelotofobia, na kumwambia mwenye nayo "puuza" ni sawa na kumwambia mwenye homa aache kutetemeka.

Nyumbani, mke wangu aliniwahi mlangoni. "Baba, hii dawa ya meno kwenye kola?" Ilikuwa imekauka tangu asubuhi. Kutwa nzima kazini hakuna aliyecheka.