Fahamu: Gharama ya kumpeleka mwenza Uingereza

Raia wa Uingereza akioa au kuolewa Mombasa au Tanga, cheti cha ndoa pekee hakimfikishi mwenzake London. Aprili 2025 ada ya kuomba viza ya mwenza kutoka nje ilipandishwa hadi pauni 1,938. Kuna pia tozo ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, inayolipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba: kwa viza ya kwanza ya miezi 33 ni pauni 3,105. Jumla 5,043, na bado hujalipia kipimo cha kifua kikuu wala mtihani wa Kiingereza.

Kigingi kikubwa zaidi ni kipato. Tarehe 11 Aprili 2024 sharti lilipanda kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka, na mshahara wa mwombaji aliye nje kwa kawaida hauhesabiwi. Mhudumu wa wazee anayelipwa kima cha chini hafiki hapo hata akifanya kazi saa 40 kwa wiki. Kutenganisha familia kwa sababu ya hati ya mshahara ni dhuluma.

Ombi likikataliwa, tozo ya afya hurudishwa, ada hairudi. Hakiki viwango kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza kabla ya kumpa wakala hata senti.