Gari Kuukuu la Thika na Fedha za Nyumba

Kwa muda sasa tumekuwa tukiulizwa swali moja kwa namna nyingi, na waulizaji wengi ni akina mama. Mume yuko bara, kazi yake Ruiru au Thika. Amepiga simu kusema kwamba ameona Land Rover ya zamani katika yadi, bei yake haifiki nusu ya bei ya gari dogo la kutoka Japani, na sasa anataka zile fedha zilizowekwa, au dhahabu ya mkewe, alinunue na kulitengeneza kidogo kidogo. Je, ni halali? Na je, ni busara? Swali la kwanza jibu lake ni fupi: kununua gari kuukuu ni halali kama ilivyo halali kununua mbuzi. La pili ndilo lililotufanya tukae na mafundi wa Ruiru na Thika tukasikiliza, kwani hukumu ya mauziano haitolewi na mtu asiyekijua kinachouzwa.

Magari haya kupatikana upande ule si jambo la kubahatisha. Mwaka 1974 Serikali ya Kenya ilishirikiana na kampuni ya Leyland ya Uingereza kuanzisha kiwanda cha kuunganisha magari pale Thika, ambacho baadaye kilibadilishwa jina kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Land Rover zililetwa vipande vipande ndani ya makasha, zikaungwa Thika, zikatawanyika nchini: kwa polisi, kwa maofisa wa utawala, na katika mashamba ya kahawa na mkonge. Ruiru nayo ni mji wa kahawa tangu hapo. Ile mbegu ya Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985 imechukua jina lake. Leo mashamba mengi ya huko yamekatwa viwanja vya nyumba, na gari lililokuwa likibeba mapipa ya dawa ya mikahawa limeachwa chini ya mti, nyasi zimeota kwenye kiti cha dereva. Kisha tusisahau kwamba Thika ndipo ianzapo barabara ya Garissa, na kutoka Garissa msafiri hufuata Mto Tana hadi Garsen, na kutoka Garsen hufika Lamu. Wenyeji wa njia ile hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu hupenda gari linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Liko jambo jingine linalopandisha bei. Kwa kanuni ya viwango ijulikanayo kama KS 1515, ya mwaka 2000, gari lililotumika haliruhusiwi kwa kawaida kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka minane. Basi Land Rover ya mwaka 1978 haiwezi kuagizwa ng'ambo na kushushwa Kilindini. Zilizomo nchini ndizo hizo hizo, na kila mwaka nyingine hukatwa zikauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Dalali analijua hili vyema, na atakukumbusha mara tatu kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Sasa tuingie ndani ya gari lenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza imetoka vitani na chuma kinagawiwa kwa kipimo. Kwa dhiki hiyo waundaji wakatengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini, na chuma wakakiweka pale tu kisipoepukika, hasa kwenye chesi, yaani ule mfupa uliobeba gari zima. Habari hii ya zamani ndiyo itakayokuokolea fedha leo. Alumini haili kutu kama chuma. Kwa hiyo gari laweza kusimama miaka ishirini uani na bado milango na boneti zikang'aa zikipigwa brashi. Chesi huliwa. Tena huliwa kutoka ndani, kwa kuwa ni bomba la pembe nne ambalo maji na matope huingia yakakaa. Mnunuzi huvutiwa na kile kisichooza, akakisahau kile kilichooza.

Mafundi walituonyesha namna ya kulikagua, na haihitaji mitambo. Chukua nyundo ndogo, bisibisi, na kipande cha sumaku kutoka kwenye spika iliyokufa. Lala chini ya gari. Gonga chesi kuanzia mbele hadi boriti ya nyuma: chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kufa kama kugonga boga. Palipo na shaka, dukua kwa bisibisi. Ikipenya, umepata jibu. Kisha pitisha sumaku. Kwenye bodi isiponasa usishtuke, ile ni alumini. Kwenye chesi isiponasa, hapo pamejazwa puti na kupakwa rangi nyeusi. Tazama pia ukuta wa chuma ulio baina ya injini na miguu ya dereva, na sehemu za kukanyagia, kwani hapo nako hutoboka. Na popote alumini ilipogusana na chuma, alumini yenyewe huota unga mweupe ikaliwa, jambo ambalo sisi watu wa chumvi ya bahari tutaliona mapema kuliko watu wa Thika.

Ile puti ndiyo iliyotukumbusha kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Akalaumiwa kwa kutoiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na Mtume akaeleza kuwa mwenye kudanganya hayumo pamoja naye. Muuzaji Mwislamu anayejua kwamba chesi imeoza akaifunika kwa puti na rangi, lundo lake ni lile lile.

Na hapa pana maneno mawili ya yadini ambayo wanunuzi wengi huyanyamazia. Muuzaji husema, "Nauza kama lilivyo." Wengi hudhani maneno hayo yamefunga mlango. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, sharti la kujivua na aibu za kitu halimvui muuzaji ila na aibu ya ndani katika mnyama, tena ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama. Aibu iliyokuwepo kabla ya kuuziana, ikapunguza thamani, na mnunuzi asiijue, humpa haki ya kurudisha. Lakini haki hii ni ya haraka. Ukiisha kuona kasoro kisha ukaendelea kulitumia gari, umeridhia. Na ukimwita fundi akakata chesi kabla hujamrudia muuzaji, umeleta kasoro mpya mikononi mwako; huwezi tena kumrudishia kwa lazima, yabaki mazungumzo ya fidia ya upungufu. Ndiyo maana twamshauri mnunuzi aweke sharti la khiyari la siku tatu, ambazo ndizo mwisho wake kwa Mashafii, na katika siku hizo alipeleke gari kwa fundi ambaye si rafiki wa muuzaji.

Neno la pili ni arubuni. Yadi nyingi hudai fedha za mbele, na mnunuzi akibadili nia zinaliwa. Wanazuoni wetu wa Kishafii hawaisihishi biashara ya namna hiyo, ingawa Mahanbali wameiruhusu. Kama huna budi kuacha kitu, iandikwe wazi kwamba ni amana inayorudi. Na yule kijana anayejitokeza ghafla akapandisha bei huku hana nia ya kununua, ametumwa. Kitendo hicho ni najashi, na kimeharamishwa.

Hesabu ndiyo inayovunja nyumba. Tuchukulie mfano tu: gari limenunuliwa kwa shilingi 300,000. Fundi wa kulehemu atataka vyuma vipya vya chesi. Breki zote zitafunguliwa. Tairi tano, na tano si nne, kwa kuwa njia za magari haya hazina duka. Waya za umeme zilizotafunwa na panya, redieta, springi za mabamba, na kabureta. Kipuri kisichopatikana Thika kitafuatwa Kirinyaga Road mjini Nairobi, na nauli nayo ni gharama. Kwa haya tuliyoyasikia, mtu asiingie ila awe anaweza kuzigawa fedha zake mafungu matatu, moja la kununua na mawili ya kutengeneza. Aliye na 300,000 tu anunue gari la 100,000, au asubiri. Kukopa kwa riba ili kumalizia gari la hamu hatuna la kulisemea.

Utaratibu wa kazi nao una siri ya kubana matumizi. Kwanza chesi, kisha breki na usukani, kisha injini, kisha umeme. Rangi ni ya mwisho kabisa. Ajabu ni kwamba vijana wengi huanza na rangi na taa kubwa za mbele, wakapiga picha, fedha zikaisha gari lingali halisimami kwenye mteremko. Fundi apatiwe kazi moja moja kwa ujira uliotajwa, kwani ujira usiojulikana ni mlango wa ugomvi. Kila kipuri kizee kirudi kwa mwenyewe. Na gari lisiachwe kwa fundi miezi bila orodha ya vilivyomo. Tumesikia habari za gari lililoingia gereji na kabureta likatoka bila kabureta.

Je, lazima iwe Land Rover? Wengine hutaja Toyota Land Cruiser ya FJ40, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1960 hadi 1984. Ni imara, lakini injini yake kubwa hunywa mafuta, na matajiri wanaokusanya magari ya kale wameipandisha bei. Sisi, kwa familia ya kipato cha kati, twaielekea Suzuki ndogo ya SJ410 ya miaka ya themanini. Injini yake haifiki lita moja, haili mafuta mengi, na hupita palipowashinda wakubwa wake. Aibu yake ni bodi ya chuma, hivyo kutu hutafutwa mwili mzima. Wenye mapenzi na Land Rover hawatatusikiliza, na tumezoea.

Turudi kwa ndugu zetu wa kike. Mahari yako, dhahabu uliyotunzwa, na faida ya buibui au maandazi unayouza ni mali yako. Si akiba ya nyumba ambayo mume huichukua aonapo haja. Ukipenda kumpa kwa ridhaa yako, jambo hilo ni lako na Mola wako, ila asitoke mtu na neno "tutaona." Yajulikane mapema: ni zawadi, ni mkopo, au ni ushirika? Ikiwa mkopo, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, imeamrisha deni liandikwe na washuhudiwe mashahidi, wala haikuwatoa mke na mume. Ikiwa ushirika, gari ni la watu wawili. Likikodishwa au likiuzwa, faida na hasara hufuata mtaji wa kila mmoja. Kazi ya mume ya kulitengeneza siku za Jumapili haimwongezei fungu ila mkiwa mmekubaliana ujira. Na hata akinunua kwa fedha zake mwenyewe, kodi, karo na chakula cha watoto vimelitangulia gari.

Kabla ya fedha yoyote kutoka, nambari ya gari itafutwe katika kumbukumbu za NTSA ili ijulikane mmiliki ni nani na kama gari lina deni la benki. Muuzaji akisema kitabu cha usajili kimepotea, akitafute yeye, si wewe. Nambari ya chesi ya Land Rover hizi imepigwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia karibu na springi. Ifute matope, isome, ilinganishe na karatasi. Sheria imeweka muda maalumu wa kuandikisha mabadiliko ya umiliki. Kisha mwulize fundi injini iliyomo ni ya gari lile kweli, kwani Land Rover nyingi za huko zimetiwa dizeli ya Toyota. Si haramu, na mara nyingine ni bora, lakini nambari ya injini mpya iwe imeingizwa kwenye usajili na muuzaji kabla hajapokea shilingi ya mwisho.