Macho Yanayowasha na Maswali ya Mganga

Mtu afikapo zahanati na macho mekundu hudhani kwamba atatiwa dawa ya matone mara moja, kisha arudi kwake. Badala yake huulizwa maswali mengi, na wengine hunung'unika kwamba wanapotezewa wakati. Lakini dawa iliyomponya jirani yaweza kumdhuru mwingine, kwa kuwa mambo yanayosumbua macho hayafanani.

Swali la kwanza ni hili: je, jicho lawasha au lauma? Macho yote mawili yakiwasha sana na kutoa machozi, hasa kwa mtoto anayeyafikicha kutwa, mara nyingi sababu ni vumbi, chavua ya majani au manyoya ya wanyama. Moshi wa kuni katika nyumba isiyo na dirisha huyachoma vile vile. Jicho moja likiuma ghafula, mganga huuliza kazi ya mgonjwa, maana mchonga mawe na fundi wa kuchomelea vyuma huingiwa na chembe, na mpura nafaka huingiwa na makapi. Hapo hutiwa rangi ambayo, chini ya mwanga wa buluu, hung'aa kijani mahali palipokwaruzwa.

Mgonjwa husomeshwa herufi kwa kila jicho peke yake, kisha ukope wa juu hupinduliwa. Huko ndiko hujificha vipele vya trakoma, yaani vikope, maradhi yaliyowasumbua sana watu wa Turkana, Narok na Kajiado. Yakirudia miaka mingi, ukope hupinda ndani na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho hata kikawa cheupe. Wengi huzing'oa nywele hizo, nazo huota tena. Upasuaji mdogo huurudisha ukope mahali pake.

Hatari nyingine hutoka dukani. Matone yenye steroidi hutuliza kuwasha upesi, na mzazi kwa furaha huyanunua mwezi hata mwezi bila kumwuliza mganga. Kumbe presha ndani ya jicho yaweza kupanda polepole, bila maumivu yoyote, na mshipa wa kuonea ukafa. Ukiisha kufa haufufuki.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikiruka jichoni, maswali hungoja: jicho lioshwe hapo hapo kwa maji safi mengi, robo saa au zaidi, ndipo safari ianze. Na mtoto mchanga mwenye usaha machoni apelekwe siku ile ile.