Cha Huria Kina Mwenyewe

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii naielekeza kwa wenzangu wa kompyuta, hasa wale wapendao kusema, "Aa, hiyo programu ni ya bure, chukua tu!" Hebu tuketi kitako tuulizane: kweli cha bure hakina mwenyewe?

Kwanza, programu huria ni nini? Ni programu ambayo mtungaji wake ameuweka wazi msimbo, yaani maagizo aliyoiandikia kompyuta, ili kila mtu ausome, aubadilishe na kuusambaza. Hata hivyo, hakimiliki yake haijafa. Mwenyewe ametoa ruhusa kwa masharti, na masharti hayo ndiyo leseni. Leseni ya GPL, kwa mfano, yasema hivi: ukiibadilisha kazi hii kisha ukaiuza au kuigawa, sharti nawe utoe msimbo wako kwa masharti yayo hayo. Leseni ya Apache haidai hivyo. Basi mfanyabiashara achukuaye bila kusoma huenda akashtakiwa kwa kitu alichodhani ni zawadi.

Pili, kuna kitu kiitwacho kiolesura. Tuchukue mfano wa hoteli ya mama mmoja kando ya barabara. Ukutani pana ubao: chapati, ndengu, pilau. Wewe waita, "Chapo mbili, ndengu moja!" na chakula chaja. Jikoni kumepikwaje, hujui wala hujali. Majina ya ubaoni ndiyo kiolesura. Mapishi ya jikoni ndiyo programu yenyewe. Katika lugha ya Java, ukiandika Math.max(6, 9), kompyuta yakujibu 9. Wewe umejua jina tu. Kazi ya kulinganisha iliandikwa na mwingine.

Sasa basi, jirani akifungua hoteli yake, akapika kwa mikono yake mwenyewe, lakini akanakili majina na mpangilio wa ubao ule ili wateja wasisumbuke, je, ameiba?

Swali la namna hiyo lilizua kesi ya zaidi ya miaka 10 huko Marekani. Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Google ilipokuwa ikitengeneza Android, ilizungumza na Sun kuhusu leseni, wasielewane. Ikaandika msimbo wake yenyewe, ila ikanakili karibu mistari 11,500 ya majina na mpangilio kutoka mafungu 37 ya Java, ili waandishi waliozoea Java wasianze alifu kwa ujiti. Android ilipotangazwa mwaka 2007, mkuu wa Sun, Jonathan Schwartz, aliipongeza hadharani. Mambo shwari! Kumbe pongezi si mkataba. Mwaka 2010 Oracle iliinunua Sun, na Agosti mwaka uo huo ikaishtaki Google. Baadaye ilidai takriban dola bilioni 9.

Kesi ikapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Mwaka 2012 Jaji William Alsup aliamua kwamba majina na mpangilio ule haulindwi na hakimiliki. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikasema unalindwa. Mwaka 2016 jopo la raia likaona Google ilivitumia kwa haki. 2018 Rufaa ikapindua tena. Hatimaye, tarehe 5 Aprili 2021, Mahakama ya Upeo ya Marekani ikaipa Google ushindi, majaji 6 kwa 2. Ilisema kwamba mistari iliyonakiliwa ilikuwa asilimia 0.4 tu ya mistari milioni 2.86 iliyobishaniwa, nayo iliwawezesha waandishi kutumia ujuzi wao katika kazi mpya.

Lakini tahadhari! Mahakama haikuamua kama kiolesura kina hakimiliki ama hakina. Ilisema tu kwamba hata kama kinayo, matumizi yale yalikuwa ya haki. Mlango umerudishiwa, haukutiwa komeo.

Sisi yatuhusu nini? Simu nyingi mikononi mwa Wakenya ni za Android. Aidha, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, sawa na riwaya. Google ilikuwa na mawakili na pesa za kungojea miaka 10. Kijana anayeuza programu ya kuhesabu karo hana. Atafilisika kabla ya hukumu kusomwa.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, soma leseni kabla ya kunakili hata mstari mmoja. Weka nakala ya leseni hiyo, maana kampuni huuzwa na mwenye mali hubadilika. Tena ukipewa ruhusa, ipate kwa maandishi. Tabasamu la jirani halipelekwi mahakamani. Nguo ya kuazima tutaivaa, lakini tujue ni ya nani na anaitaka lini.

Hapo nakunja jamvi.