Kufungisha ndoa migomba ya uani: mambo ya kujua kabla hujapanda ngazi

Ukimwona jirani saa moja asubuhi amepanda ngazi nyuma ya nyumba, mkono mmoja ameshika mkungu mchanga na mwingine ua la mgomba wa pili, usimfikirie vibaya. Huenda anafungisha ndoa.

Marekani na Ulaya hii ni burudani ya baadhi ya wapenda bustani. Wengine huchanganya migomba ya mapambo, kama Musa velutina, ambayo vijindizi vyake vya rangi ya waridi hujimenya vyenyewe vikiiva. Wengine hutafuta mgomba utakaovumilia baridi. Kwetu ndizi ni chakula, kwa hiyo anayejaribu huwa na maswali mengine: je, nitapata kitu cha kuweka sufuriani, na watoto wakila watakuwa salama?

Nianze na hilo la usalama. Kuhamisha chavua kutoka ua moja hadi jingine ni kazi ile ile inayofanywa na popo na wadudu porini. Hakuna jeni ya kiumbe kingine inayoingizwa. Unachopata ni mtoto wa ndizi mbili. Nalisisitiza hili kwa sababu mitaani watu huziogopa "ndizi za kisasa" zote kwa pamoja. Ni kweli kwamba watafiti wa Uganda wametumia uhandisi jeni kutengeneza ndizi yenye vitamini A zaidi, lakini hiyo ni kazi tofauti. Aina nne za TARIBAN zilizotolewa nchini mwaka 2021 na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) zilipatikana kwa njia ya ndoa, chavua juu ya ua.

Ndoa yenyewe ni ngumu. Ndizi nyingi tunazokula hazina mbegu kwa sababu mgomba wake una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na seti tatu hazigawanyiki sawasawa. Tunda hujaa lenyewe bila kuchavushwa. Ndiyo maana tunapanda machipukizi. Ukichukua chavua ya ndizi ya matoke ukaipaka kwenye matoke nyingine, utakachovuna ni matoke tu.

Anayetaka mbegu anahitaji mzazi mmoja mwenye chavua hai, na kwa kawaida huyo ni mgomba mwitu wenye mbegu. Watafiti wametumia sana mmoja uitwao Calcutta 4. Kisiwani Pemba nako kuna migomba mwitu ya Musa acuminata. Usidanganywe na ule mgomba mnene wa milima ya Usambara wenye mbegu kubwa nyeusi; ule ni ensete, hautoi chavua ya kuufaa mgomba wako. Kwa upande wa mama, baadhi ya mchare wa Kilimanjaro, wenye seti mbili za kromosomu, hukubali kushika mbegu. Kayinja, ndizi ya pombe inayojulikana Kagera na Uganda, nayo hushika mbegu ikipata chavua hai jirani.

Kazi hufanyika mapema. Maua ya kike ni yale ya mwanzo wa mkungu, yanayogeuka kuwa chane. Hufunguka safu moja au mbili kwa siku. Unaufunika mkungu kwa mfuko kabla hayajafunguka, kisha kila asubuhi unachukua ua la kiume lililofunguka siku hiyo kwenye mgomba wa baba, unalipaka juu ya maua ya kike na kufunika tena. Andika kibandiko chenye tarehe na majina ya wazazi, la sivyo baada ya miezi mitatu au minne, mkungu ukikomaa, hutajua nani kamzaa nani.

Ukishaivisha ndizi, ponda nyama na uioshe kwenye chujio. Mkungu mzima unaweza kukupa mbegu chache, au usikupe hata moja. Mbegu ni ngumu kama kokoto, kwa hiyo ndizi za majaribio asipewe mtoto mdogo wala mzee mwenye meno mabovu kabla hujazikata na kuzikagua. Ukizipanda kwenye udongo, nyingi hazioti. Maabara hutoa kiinitete ndani ya mbegu na kukilea kwenye chupa, jambo ambalo jikoni haliwezekani. Mche ukiota, subiri tena mwaka mmoja na zaidi kuonja mkungu wa kwanza.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye kisu na ua. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria ulithibitishwa Kagera mwaka 2006, na familia zilizopoteza shamba zilipoteza chakula cha kila siku. Bakteria hao hubebwa na wadudu wanaotembelea maua ya kiume, na pia na visu na machipukizi yaliyoambukizwa. Wataalamu hushauri ua la mwisho wa mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapotokea. Wewe mchavushaji ndilo unalolitaka. Na kayinja, yule mama mwepesi kushika mbegu, ni miongoni mwa wanaougua haraka kwa njia hiyo.

Kwa hiyo usibebe maua wala machipukizi kutoka wilaya yenye ugonjwa. Acha ua kwenye mgomba wa baba peke yake, na ulivunje ukimaliza. Pitisha kisu kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, au kisafishe kwa jiki.

Kama lengo lako ni lishe ya watoto, ipo njia fupi. Rangi ya nyama ni dalili nzuri: mzuzu na mkono wa tembo, zenye nyama ya njano iliyokolea, kwa kawaida zina viini vingi vya vitamini A kuliko ndizi nyeupe za kula mbivu. Zipike na mafuta kidogo, mwili uvipokee vizuri. Hilo haliondoi matone ya vitamini A anayopewa mtoto kliniki kuanzia miezi sita.

Na ukibahatika kupata mkungu wako, chemsha ndizi zake pamoja na zile mlizozoea, kwenye sufuria mbili, usiwaambie walaji ipi ni ipi. Ndizi za FHIA kutoka Honduras zilifika Kagera miaka ya mwisho ya 1990 zikiwa na mikungu mikubwa na uvumilivu wa magonjwa, lakini nyumba nyingi zilipozipika zilisema hazilainiki kama matoke. Waonjaji wa kwanza wawe wale wanaokula ndizi kila siku, hasa mama anayepika mtori.